Kwa miguu kutoka Konde hadi Kigomasha

Nimerudi mjini tangu wiki iliyopita na viatu vyangu bado viko barazani, udongo mwekundu wa Konde umekauka juu yake. Nimekaa na picha za simu na kidaftari ambacho kurasa zake za mwisho ziliingia maji ya bahari, naipanga safari siku kwa siku kabla haijaanza kuchanganyika kichwani. Namwandikia yeyote anayetaka kwenda, hasa sisi wa Unguja ambao Pemba twaijua kwa misiba na harusi. Twashuka bandari ya Mkoani, twapanda gari, twafika kwa jamaa, twala, twarudi. Nchi yenyewe twaiona dirishani.

Na nchi ile si ya kuionea dirishani. Unguja sehemu kubwa imenyooka. Pemba ni vilima na mabonde: unapanda baina ya mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, hujapumua vizuri unapanda tena. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Nilitaka angalau siku moja nzima niipande na kuishuka kwa miguu yangu, kuanzia Konde, kupitia msitu wa Ngezi, hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kisiwa kinapoishia upande wa kaskazini.

Alhamisi: Malindi, Mkoani, Wete

Boti iliandikiwa kuondoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, saa moja asubuhi, ikaondoka saa tatu. Sababu hatukuambiwa. Watu walikaa juu ya mizigo yao bandarini, watoto wakalala, muuza kahawa akazunguka mara tatu. Nauli yangu, daraja la kawaida, ilikuwa shilingi 35,000.

Mpaka Nungwi bahari ilikuwa shwari. Ukishaipita ncha ile huna tena nchi ya kukukinga, na mwisho wa Septemba kusi, upepo wa kusini, haijatulia bado. Kwa saa nzima boti ilipanda na kushuka. Pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja wa Mtambwe, anarudi kutoka hospitali na mjukuu wake. Aliniona nilivyoishika kingo ya kiti. Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa ndimu, akaipasua kwa meno, akanipa nusu. "Nusa, mwanangu. Usitizame maji, tizama kule mbali." Ndimu ile niliinusa mpaka Mkoani, na nilipotaka kumsaidia mzigo akakataa, akanikabidhi mjukuu nimshike mkono ngazini.

Mwenye kichefuchefu akae chini na nyuma, asikae mbele kabisa, na asipande na tumbo tupu. Tiketi ya kurudi ikatwe mapema, kwani boti hazendi mara kwa mara kama za Dar es Salaam.

Kutoka Mkoani gari ya Chake Chake ilikuwa shilingi 2,500, na kutoka Chake ya Wete nyengine 2,500. Safari hii siielezi sana kwa sababu nusu yake nililala. Nilizinduka kwa harufu. Karafuu zilianikwa juu ya majamvi kando ya barabara, nyengine mbichi na kijani, nyengine zimeshaanza kuwa nyekundu, nyengine zimekauka rangi ya hudhurungi, na kila gari iliyopita ilipunguza mwendo.

Nilifikia kwa shangazi, Wete. Nilipomweleza nilichokuja kukifanya, mimi na mwanawe ambaye ni mwalimu wa skuli, alitutazama kwa zamu. "Gari zipo tele. Nyie watu wazima mwenda kwa miguu, mwatafutani?" Binamu akamwambia twatafuta Kigomasha. "Kigomasha ipo," akasema, "haendi pahala." Akarudi jikoni.

Ijumaa: Wete

Siku ya sala na matayarisho, haina mengi. Tulinunua tende, boflo mbili, maji lita sita, na halua ya Wete iliyofungwa kwenye ukindu. Binamu alimpigia simu mwanafunzi wake wa zamani anayekaa Makangale, akamwomba tulale kwao usiku wa Jumamosi, na mzee wake akakubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Jambo moja tulilolisahau, na lilitugharimu: kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Tulijua njia na bei, na mvua tukaiangalia. Habari ya maji haikutujia kichwani, na ndiyo ya kwanza kuulizwa na mtu anayetaka kutembea pwani.

Jumamosi: Konde

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, gari ya Konde shilingi 2,000. Shangazi alikuwa keshaamka kabla yetu. Alitupa kifurushi cha changu wa kukaanga na mihogo ya kuchemsha, na kwa maneno yake hicho kilikuwa cha njiani, si cha Makangale, kwa hivyo kisifike Makangale.

Konde asubuhi ni soko. Tulikunywa chai ya tangawizi kwa chapati na maharage kwenye banda la mama mmoja karibu na kituo cha gari, shilingi 3,000 kwa wawili, tukaanza kutembea saa moja na robo.

Barabara ya kwenda Ngezi inapanda na kushuka. Mkono wa kulia mikarafuu, mkono wa kushoto mikarafuu, chini yake migomba na mihogo, na kwenye kila bonde majani ya mpunga na kijito. Asubuhi ile wachumaji walikuwa wameshapanda. Unawasikia kabla hujawaona: mmoja anasoma kasida juu kabisa, mwengine anamjibu mti wa tatu, tawi linavutwa kwa upembo, linaachiwa, majani yanatikisika. Mkarafuu mzee huenda juu sana na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Kila msimu watu huanguka. Binamu alinionesha nyumba ya mwanafunzi wake ambaye baba yake alianguka akavunjika mguu, na tangu siku hiyo mtoto ndiye anayepanda.

Tulikuwa tumetembea kama nusu saa mvua ikaanza kudondoka, manyunyu tu. Mbele yetu, mbele ya nyumba ya udongo, palikuwa na majamvi manane ya karafuu, na mama mmoja na wasichana wawili wanakimbia. Karafuu iliyokwisha kupata jua ikilowa inaharibika rangi na bei inashuka. Hatukuulizana. Tuliweka mikoba chini ya mti tukaanza kuanua nao: unashika ncha mbili za jamvi, mwenzako mbili, karafuu zinakusanyika katikati, mnazibeba kama mgonjwa mpaka ukumbini. Jamvi la mwisho tuliliingiza, na mvua ikakatika palepale.

Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Akatuletea uji wa mchele wenye nazi na pilipili manga, na tukachelewa nusu saa nyengine tukisaidia kuchambua, kwa sababu haikuwa adabu kunywa uji na kuondoka. Karafuu unaitoa kwenye kikonyo kwa kidole gumba, na makonyo hayatupwi, huuzwa yakatolewe mafuta. Mikarafuu yake, alisema, iko kwenye eka walizopewa wazee wa mumewe baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba ya mabwana yalipogawiwa kwa eka tatu tatu. Mingi ilikuwa mizima siku hiyo na mingi bado inazaa.

Nililifikiria hilo njia nzima. Mikarafuu ya Unguja ilivunjwa na kimbunga cha 1872. Pemba kimbunga hakikuigusa vile, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa shamba la karafuu. Lakini mikarafuu haikupandwa kwenye nchi tupu. Kabla yake palikuwa na msitu, na msitu ulifyekwa kilima baada ya kilima, kwa mikono ya watu waliokuwa watumwa. Ile harufu iliyoniamsha kwenye gari naipenda tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza ilikaa mahali pa nini.

Ngezi

Unajua umefika kabla ya kuona kibao. Mkarafuu wa mwisho unapita, harufu inakatika, na hewa inakuwa ya baridi na ya maji maji kama ndani ya kisima. Tulifika kwenye kituo cha msitu saa tatu na robo. Mwananchi analipa kidogo, sisi tulitoa 3,000 kila mmoja, na kiongozi tukakubaliana 15,000 atupitishe njia za ndani badala ya barabara. Mgeni wa nje hulipa zaidi. Bei hubadilika, kwa hivyo uliza hapohapo na udai risiti.

Mchukue kiongozi. Barabara ya Makangale inakata katikati ya msitu na mtu anaweza kupita bila kumlipa mtu, lakini atakuwa amepita barabara tu. Kiongozi wetu, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa huku, alitupa sharti moja: tusipige kelele. Ndani ya Ngezi mna mahali wazee wanapaheshimu, na hata asiyeamini lolote huko, alisema, hana sababu ya kupiga kelele.

Mivule ya mle sijaona mfano wake. Nilisimama kwenye shina la mmoja, binamu akasimama upande wa pili, tukanyoosha mikono na vidole havikukutana. Chini ya mivule kuna miti ya kimo cha kati, chini yake kamba za mitoria na mibungo zinazoning'inia na kujisokota, chini yake feni. Jua linafika ardhini vipande vipande. Mahali pengine ardhi ni tope jeusi na kijito kinapita taratibu, na ukisogea hatua mia mbili unakuta mchanga mweupe na vichaka vifupi, kana kwamba umehama wilaya.

Nilikuwa na hamu ya kuuona mpapindi. Ni mti wa jamii ya mipopoo, mwembamba, shina lake lina mapete kama muanzi, na majani yake yamechanika kwa ustadi. Haupatikani kwengine duniani isipokuwa Pemba, na jamaa zake wengi wako Madagaska. Kiongozi alitupitisha palipokuwa na mingi, mikubwa na midogo, na akatuonesha miche iliyoota yenyewe chini ya mama zake, urefu wa kiganja. Aliizunguka asiikanyage. Nasi tukapita alipopita.

Sababu ya mti kama huo kuwa huku peke yake ni bahari. Baina ya Unguja na bara maji ni machache, na zamani palikuwa pakavu. Pemba imezungukwa na kina cha mamia ya mita, kwa hivyo imekaa peke yake muda mrefu mno, na viumbe wake wakashika njia yao. Ndege wanne wako Pemba tu: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo, na kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Chozi tulimwona mara nyingi. Ninga tulimsikia, na kiongozi akatuonesha tawi, nami niliona majani tu mpaka tawi liliporuka. Bundi ni wa usiku.

Kima punju tulikutana nao karibu na njia ya kutokea, watatu, wametulia wanakula majani. Hawa si wa Pemba kwa asili. Waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, wachache, na mpaka leo ni wachache. Binamu aliwaita wageni wenzangu.

Halafu msitu ukaisha.

Sikuwa tayari. Tulikuwa tumetembea taratibu, tumesimama kwenye kila mti, na bado ilikuwa saa tano na dakika chache tulipotokea kwenye mwanga na mashamba ya mihogo. Nilimuuliza kiongozi kama tumeukata pembeni. Akasema hapana, tumeupita. "Ntu akenda moja kwa moja, saa moja yatosha." Ngezi ina kilomita za mraba zipatazo 14. Nambari hiyo nilikuwa nimeisoma kabla ya safari na haikuniambia kitu. Saa moja ya mwendo wa mtu ilinieleza. Huu ndio msitu mkubwa uliobaki kwenye kisiwa ambacho upande wake huu wote ulikuwa msitu.

Nilimuuliza tena, unapungua? Akajibu kwamba watu wanataka kuni, wanataka nguzo za nyumba, wana watoto, na yeye mwenyewe anapikia kuni. Kisha akasema kazi yake kubwa si kukamata watu, ni kuwapitisha watoto wa skuli humo ndani, kwa sababu aliyeingia akiwa mdogo hapendi kuja na shoka akiwa mkubwa. Tuliagana naye kwa mikono miwili. Tulimwongezea 5,000, akatoa 2,000 akamnunulia binamu maji ya kunywa kwenye kiduka.

Vumawimbi

Kutoka barabarani kushuka Vumawimbi ni njia ya mchanga, jua kali, hakuna kivuli. Kofia si hiari. Tulifika pwani saa sita kamili na hapo ndipo maji yalipotufundisha adabu. Tulitaka kufuata ufukwe kuelekea kaskazini, na bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi, inapiga. Jina la Vumawimbi halikuwekwa bure.

Kulikuwa na wavuvi watano chini ya mvinje wanashona nyavu. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya kiua iliyofifia, aliuliza mwenda wapi, tukamwambia, akaangalia maji, akaangalia jua. "Saa nane na nusu. Kabla ya hapo mtaogelea." Wakatusogezea jamvi.

Saa mbili na nusu tulizokaa pale zilikuwa za kuchelewa, na ndizo ningezirudia kwanza. Changu wa shangazi tuliweka katikati, wao wakaweka pweza waliyemchoma na embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na halua ikafuata. Walisimulia habari za dago, wavuvi wanapohama na vyombo na kulala pwani za ugenini miezi na miezi, na yule mzee alitutajia bandari alizolala, mpaka Kenya. Tulisali adhuhuri hapohapo. Nilipotaka kuacha kitu, walikasirika kweli, na binamu alinibana mkono niache.

Saa nane na nusu, kama alivyosema, mchanga ulikuwa umetoka na umekaza. Tulivua viatu. Ufukwe ule ni mpana na mweupe na siku ile haukuwa na mtu, mawimbi upande mmoja, miti upande mwengine, na kaa wadogo wanakimbia mbele yetu kama wanatuongoza. Wimbi moja lilinipata magotini na ndipo kidaftari kilipolowa. Mahali penye miamba tulipanda juu na kufuata njia ya wachunga ng'ombe. Huko vaa viatu, miamba ya matumbawe inakata kama chupa.

Mnara

Tulifika Kigomasha saa kumi na nusu, miguu imechoka. Mnara wa taa ni wa chuma, ulijengwa na Waingereza, umesimama kwenye ncha yenyewe ya kisiwa. Mzee anayeuangalia alitoka nyumbani kwake amefunga kikoi, akapokea 2,000 kila mmoja, na akatuuliza swali moja tu kabla ya kufungua mlango: nani ana kizunguzungu? Ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, chuma kimeliwa na chumvi. Panda mmoja mmoja, mikono yote miwili ishike.

Juu upepo ulikuwa unasukuma. Mashariki maji ya kijani na mstari mweupe wa mwamba. Magharibi mkondo wa Pemba, buluu iliyokaribia weusi, kwa sababu kina kinaanza karibu sana na pwani. Mzee alisema siku hewa ikitakata, hasa baada ya mvua, milima ya Usambara huonekana ng'ambo, kule bara. Siku ile tuliona ukungu wa zambarau na mstari ambao huenda ni milima na huenda ni mawingu.

Kisha nikageuka kusini, njia tuliyotoka. Kutoka juu kila kitu kilionekana kwa mara moja. Mbali, vilima vya mikarafuu, kijani kilichokatwakatwa. Karibu, mihogo na minazi ya Makangale. Na baina yao kiraka kimoja cha kijani cheusi, kimejikunja, kingo zake zimenyooka pale mashamba yanapokigusa. Nilipotaka kupiga picha, kiraka chote kilienea kwenye kioo cha simu na nafasi ikabaki. Sijaifuta picha hiyo ijapokuwa imetikisika.

Mzee akauliza tumetoka Konde kwa gari gani. Binamu akamwambia kwa miguu. Akanyamaza, akasema babake alikuwa akienda Konde kwa miguu kuuza samaki na kurudi siku hiyohiyo, na akapima kwa mkono ukubwa wa pakacha alilobeba kichwani.

Makangale, wakati wa magharibi

Tuliingia Makangale jua linazama. Simu ya binamu ilihesabu kilomita 23. Baba wa yule mwanafunzi alikuwa anatungoja njiani, hakukaa nyumbani, na mkewe alikuwa keshachemsha maji ya kuoga yenye majani ya mchaichai. Tulikula ndizi mbichi za nazi na dagaa.

Kabla ya isha mwenyeji alituita uani, tutazame juu. Walikuwa wanatoka upande wa Ngezi, mmoja, wawili, halafu makundi: popo wa Pemba. Mabawa yakikunjuka hufika mita moja na nusu na wanayapiga polepole, kama mtu anayevuta makasia hana haraka. Huyu naye hayuko kwengine duniani. Zamani aliliwa sana, na miti aliyolalia ilikatwa, mpaka akakaribia kwisha. Vijiji vikaamua kumlinda, na sasa wako maelfu. Mwenyeji alisema babu zake waliwawinda kwa miba iliyofungwa kwenye miti mirefu. Yeye aliwahi kula akiwa mtoto na hali tena.

Wanakula matunda na kudondosha mbegu mbali na mti uliozaa. Mmoja alijitupa kwenye mwembe wa jirani, tukasikia anavyogombana na majani. Mtoto mdogo wa nyumba ile, miaka minne hivi, aliwahesabu kwa sauti mpaka ishirini, akaanza tena moja, kwa sababu hajui inayofuata.

Jumapili: Verani, na njia ya kurudi

Asubuhi tulishuka kwa miguu hadi Verani, pwani ya magharibi, maji yametulia kama ya kwenye sinia, tukaoga, tukarudi. Miguu ya binamu ilikuwa imefanya malengelenge na hatukuwa na haja ya kujitesa, kwa hivyo tulichukua bodaboda mbili za kijana na nduguye hadi Konde, 6,000 kila moja.

Mwenye kutaka kwenda apange siku mbili, asilazimishe kurudi siku hiyohiyo. Alale Makangale kwa kuuliza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kama hana mwenyeji. Achukue maji lita tatu kwa kila mtu, noti ndogondogo, na nguo ya heshima ya kupitia vijijini, wanawake na wanaume. Mimi safari nzima, boti kwenda na kurudi pamoja, imenigharimu chini kidogo ya shilingi 140,000, na sehemu kubwa ni boti.

Tulipofika ukingo wa msitu upande wa Makangale, nilimgusa yule kijana begani asimamishe. Nilimwomba yeye na nduguye watangulie na mikoba watungoje upande wa pili, sisi tupite kwa miguu, na saa watakayopoteza nitailipa. Binamu aliangalia malengelenge yake, akavua viatu, akasema sawa. Tulikwenda polepole. Tulitumia saa moja na robo.

Tuliwakuta wamelala chini ya mkarafuu wa kwanza, mikoba wameifanya mito. Pesa ya kungoja walikataa.